Kiti cha Kocha na Deni la Jana: Historia Fupi ya Matarajio ya Mashabiki katika Mpira wa Kikapu wa Wanawake

Utangulizi

Mwezi wa pili wa muhula huu niliandika barua ambayo leo ninaionea haya. Ilitoka kwa mashabiki wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ya chuo chetu hapa Gisenyi kwenda kwa ofisi ya michezo. Ilikuwa na aya tatu. Aya ya kwanza ilisema kwamba timu imefungwa michezo mitatu mfululizo. Ya pili ilisema kwamba kocha mpya hana uzoefu. Ya tatu iliomba abadilishwe kabla ya michezo ya marudiano. Watu thelathini na wawili walitia sahihi. Jina langu lilikuwa la kwanza, kwa kuwa ndimi niliyeiandika, na kwa kuwa katika kila mchezo mimi hukaa mezani kuandika pointi. Wenzangu waliona kwamba nikisema timu imeharibika, basi ushahidi ninao.

Wiki iyo hiyo mwalimu wetu wa historia alitupa kazi. Kila mwanafunzi achague jambo moja ambalo ana msimamo mkali juu yake, kisha achunguze msimamo huo umetoka wapi. Wengi walichagua siasa na ardhi. Mimi nilichagua kocha wetu, nikidhani nitapata hoja zaidi za kumwondoa.

Swali la insha hii ni hili: mashabiki wanapomdai kocha mpya ushindi katika msimu wake wa kwanza, deni hilo limetoka wapi? Je, tunampima yeye, au tunapima kitu kingine kwa kutumia jina lake? Nitajadili mifano miwili ya kihistoria, mmoja wa Marekani na mmoja wa Kigali, kisha nitarudi kwenye uwanja wetu. Hoja yangu ni kwamba kipimo cha msimu wa kwanza huwa kimekwisha kuandaliwa kabla kocha hajafika. Huachwa kitini na waliomtangulia, na mara nyingi mashabiki hukisoma vibaya, kwa sababu tunakumbuka mwisho wa kocha aliyepita na kusahau mwanzo wake.

Tennessee: kiti kimoja, vipimo viwili

Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, kilimpa timu yake ya wanawake kijana wa miaka 22. Jina lake lilikuwa Pat Head. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la ndoa, Pat Summitt. Alikuwa amekwenda pale kusoma shahada ya uzamili na kuwa msaidizi tu. Kocha aliyekuwepo akaondoka, naye akajikuta ndiye kocha mkuu wa wachezaji ambao baadhi yao walikaribia kuwa rika lake. Malipo yake yalikuwa dola 250 kwa mwezi. Aliendesha mwenyewe gari la timu na kufua jezi kwa mikono yake.

Ili kuelewa hali hiyo ni lazima tukumbuke wakati wenyewe. Sheria ya Marekani iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali ilikuwa imepitishwa mwaka 1972, yaani miaka miwili tu kabla. Chama kikuu cha michezo ya vyuo nchini humo kilikuwa bado hakijaanza kuandaa ubingwa wa wanawake katika mpira wa kikapu. Kilianza mwaka 1982. Mchezo wa kwanza wa Summitt, Desemba 1974, timu yake ilifungwa na Mercer kwa pointi moja, 84 kwa 83, mbele ya watazamaji wapatao hamsini. Msimu ulimalizika kwa ushindi mara 16 na kushindwa mara 8.

Je, kulikuwa na shabiki aliyeandika barua ya kumtaka aondoke? Sidhani, maana hata wa kuandika hakuwepo. Kiti alichokalia hakikuwa na deni. Ubingwa wake wa kwanza wa taifa aliupata mwaka 1987, msimu wake wa kumi na tatu. Alipoacha kazi mwaka 2012 kwa sababu ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu, alikuwa ameshinda michezo 1,098 na ubingwa wa taifa mara 8.

Sasa tumtazame aliyekalia kiti kilekile baada yake. Holly Warlick alikuwa amecheza chini ya Summitt, kisha akawa msaidizi wake kwa miaka 27. Hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuijua kazi. Mchezo wake wa kwanza kama kocha mkuu, Novemba 2012, alifungwa na Chattanooga 80 kwa 71. Msimu wote ulimalizika kwa ushindi mara 27 na kushindwa mara 8. Alishika nafasi ya kwanza katika msimu wa kawaida wa kanda yake na kufika robo fainali ya taifa.

Tukiweka misimu hii miwili ya kwanza kando kwa kando, Summitt alishinda theluthi mbili ya michezo yake, naye Warlick alishinda zaidi ya robo tatu. Kwa hesabu, mwanafunzi alianza vizuri kuliko mwalimu wake. Lakini Warlick hakupimwa kwa msimu wa 1974. Alipimwa kwa mataji manane. Katika misimu saba hakuwahi kuifikisha timu kwenye nne bora, na mwaka 2019 akaondolewa.

Sisemi kwamba aliondolewa kwa dhuluma. Miaka saba ni muda wa kutosha kumpima mtu. Ninachosema ni kwamba matokeo yaliyokuwa mwanzo mwema mwaka 1974 yangekuwa msiba mwaka 2012, na kilichobadilika katikati yake ni kumbukumbu ya watazamaji. Kikapu kilibaki na urefu uleule.

Kigali 2023: uwanja mmoja, wiki moja

Mfano wa pili uko karibu nasi, na niliushuhudia, ingawa kwa televisheni. Kuanzia tarehe 28 Julai hadi 5 Agosti 2023, Rwanda ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya mataifa ya Afrika ya mpira wa kikapu kwa wanawake, katika BK Arena mjini Kigali. Timu zilikuwa 12.

Huku Gisenyi tulikusanyika kwa mwenye duka mmoja wa Mbugangari aliyetoa televisheni yake nje kwenye baraza. Kulikuwa na sambaza za kukaanga, kulikuwa na wanafunzi, kulikuwa na wafanyabiashara wa Goma ambao mizigo yao ilikuwa imekwisha kuvuka mpaka nao wakachelewa makusudi. Sikumbuki siku nyingine nilipoona wanaume wengi hivyo wakitazama wanawake wakicheza bila kutoa mzaha.

Timu yetu ilifundishwa na Msenegali Cheikh Sarr, ikiwa na wachezaji kama Destiney Philoxy, Bella Murekatete na Hope Butera. Iliitoa Uganda katika robo fainali. Baraza la duka lilijaa kelele hadi jirani akaja kuuliza kama kuna ajali. Katika nusu fainali tulifungwa na Nigeria, tena kwa tofauti kubwa. Katika kutafuta nafasi ya tatu tukafungwa na Mali. Tukamaliza wa nne.

Kufungwa mara mbili mfululizo, nyumbani, na bila medali! Lakini hakuna aliyeandika barua. Watu walitembea kifua mbele. Mwenye duka aligawa soda. Kwa nini? Kwa sababu timu yetu ya wanawake haikuwa imezoea kuonekana miongoni mwa nne bora za Afrika. Nafasi ya nne ilikuwa mbele ya kila kitu tulichokikumbuka.

Upande wa pili wa uwanja uleule, wiki ileile, alikuwapo kocha ambaye nafasi ya nne ingemmaliza. Rena Wakama alikuwa na umri wa miaka 31. Alizaliwa Marekani kwa wazazi wa Kinigeria, aliwahi kuichezea Nigeria, na alikuwa kocha msaidizi katika chuo cha Manhattan, Marekani. Hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu mahali popote. Alitangazwa kuwa kocha wa Nigeria mwezi Juni 2023, wiki chache tu kabla ya safari ya Kigali, na alikuwa mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Deni alilorithi lilikuwa la aina mbili. La kwanza lilikuwa la utukufu. Nigeria ilikuwa imetwaa taji la Afrika mwaka 2017, 2019 na 2021. Mwaka 2018 ilikuwa timu ya kwanza ya wanawake kutoka Afrika kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Otis Hughley, aliyemtangulia Wakama, alikuwa ameiongoza timu katika robo fainali hiyo na katika mataji mawili ya mwisho.

Deni la pili lilikuwa la hasira. Mei 2022 serikali ya Nigeria, kwa sababu ya migogoro ya viongozi wa mchezo huo, ilitangaza kujitoa katika mashindano ya kimataifa ya mpira wa kikapu kwa miaka miwili. Mwezi uliofuata ilibadili uamuzi, lakini ilikuwa imechelewa. Nafasi ya wanawake wa Nigeria katika Kombe la Dunia la 2022 mjini Sydney ilikwisha kupewa Mali. Wachezaji waliofuzu kwa jasho lao walibaki nyumbani kwa kosa ambalo si lao. Kwa hiyo Wakama alipofika Kigali, mashabiki wa Nigeria hawakuwa wakisubiri taji la nne tu. Walisubiri kufutwa machozi ya mwaka uliotangulia, na mtu aliyetakiwa kuyafuta ni kijana ambaye hakuhusika kabisa na yaliyowaliza.

Nakiri nilivyosema siku ya nusu fainali. Kamera ilipomwonyesha Wakama, niliuliza kwa sauti: “Huyu ndiye kocha au ni mchezaji wa akiba?” Watu wakacheka. Mzee mmoja wa Goma akanijibu, “Kijana, subiri kwanza wacheze.” Baada ya mchezo nilikuwa nimenyamaza. Tarehe 5 Agosti Nigeria iliifunga Senegal 84 kwa 74 na kutwaa taji la nne mfululizo. Wakama akawa mwanamke wa kwanza kulitwaa taji hilo akiwa kocha mkuu.

Ningeweza kuishia hapo na kusema kwamba waliomtilia shaka waliaibika. Lakini hilo lisingekuwa jibu la kihistoria. Kama Nigeria ingefungwa na Senegal siku ile, Wakama angekuwa kocha yuleyule, mwenye akili ileile na mazoezi yaleyale. Pointi kumi za mchezo mmoja ndizo zilizotenganisha “uamuzi wa busara” na “mtoto aliyepewa kazi ya wakubwa.” Kinachonifundisha zaidi ni wiki yenyewe. Chini ya paa moja, makocha wawili walikuwa wakipimwa kwa mizani mbili tofauti. Mmoja alipongezwa kwa nafasi ya nne, na mwingine asingesamehewa nafasi ya pili. Tofauti hiyo haikutokana na uwezo wao. Ilitokana na historia ya nchi walizozifundisha.

Msimu wa kwanza unaisha lini?

Kuna swali ambalo mashabiki hatujiulizi: msimu wa kwanza una urefu gani? Tunadhani unaisha ratiba inapokwisha. Habari za Wakama zinaonyesha vingine.

Februari 2024 Nigeria ilikwenda Antwerp, Ubelgiji, katika mashindano ya kufuzu Olimpiki. Iliifunga Senegal, na ushindi huo ukaisaidia kupata tiketi ya Paris. Lakini katika mashindano hayohayo ilikutana na Marekani na kufungwa 100 kwa 46. Pengo la pointi 54! Shabiki aliyetazama mchezo huo peke yake angekuwa na haki ya kusema kwamba kocha huyu anatosha Afrika tu.

Miezi sita baadaye, katika Olimpiki ya Paris, Nigeria iliifunga Australia 75 kwa 62 na Canada 79 kwa 70. Ikawa timu ya kwanza ya Afrika ya mpira wa kikapu, iwe ya wanaume au ya wanawake, kufika robo fainali ya Olimpiki. Huko ikakutana tena na Marekani na kufungwa 88 kwa 74. Safari hii pengo lilikuwa pointi 14. Mwisho wa mashindano Wakama alichaguliwa kuwa kocha bora upande wa wanawake.

Timu ile ilifungwa mara zote mbili na mpinzani yuleyule. Anayeandika tu “alishinda, alishindwa” ataandika neno moja mara mbili. Anayeandika pointi ataona kwamba kati ya 54 na 14 kuna kazi kubwa iliyofanyika. Mimi ni mwandika pointi, na nilipaswa kulijua hili kabla ya mtu yeyote.

Je, mashabiki wasidai kitu?

Msomaji anaweza kunipinga hapa. Atasema ninataka mashabiki wakae kimya, wapige makofi, wamwache kila kocha ajifunzie kazi juu ya migongo ya wachezaji. Pingamizi hili lina uzito, na mifano niliyoitoa inaliunga mkono kwa sehemu.

Turudi Tennessee mwaka 1974. Ni kweli hakuna aliyemsumbua Summitt kwa madai. Lakini pia hakuna aliyeona ni ajabu kwamba kocha wa chuo kikuu afue jezi. Kutodaiwa kwake hakukuwa heshima. Kulitokana na imani kwamba timu ya wasichana haina umuhimu wa kutosha hata mtu aukasirikie ubovu wake. Nikikumbuka hilo, naona kwamba hasira yetu hapa chuoni, pamoja na makosa yake yote, ilikuwa na kitu kizuri ndani yake: watu thelathini na wawili walijali matokeo ya wasichana kiasi cha kutia sahihi.

Nigeria mwaka 2022 inatufundisha jambo la pili. Walioharibu hawakuwa makocha wala wachezaji; walikuwa wakubwa wa ofisi. Lakini shabiki hamwoni mkubwa wa ofisi. Anayeonekana akisimama pembeni mwa uwanja, akifuta jasho, ni kocha. Kwa hiyo deni la ofisi hulipwa na mtu wa uwanjani. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia.

Jambo la tatu ni jinsia. Kigali ilikwisha kumwona mwanamke akiongoza benchi kabla ya Wakama. Mwaka 2021, katika mashindano ya Afrika ya wanaume yaliyofanyika hapo Kigali, Kenya iliongozwa na Liz Mills wa Australia, naye ndiye aliyeirudisha Kenya katika mashindano hayo kwa mara ya kwanza tangu 1993. Hata hivyo, kocha mwanaume akifungwa tunasema mbinu zake ni mbaya. Mwanamke akifungwa tunauliza kama anaweza kazi. Katika barua yangu niliandika “hana uzoefu.” Kocha wetu wa zamani, mwanaume, alipoanza alikuwa na uzoefu gani? Sikujua. Sikuwahi kuuliza.

Kurudi kwenye uwanja wetu

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kuandika barua. Nikaomba ufunguo wa kabati la vifaa vya michezo, nikatoa vitabu vya pointi vya miaka iliyopita. Viwili vilikuwa vimeliwa na unyevu, lakini vilisomeka. Nilikaa navyo Jumamosi nzima.

Kocha wa zamani, yule tunayemkumbuka kwa kikombe cha vyuo tulichokipiga picha hadi simu zikajaa, alikuwa na timu yetu kwa miaka mitano. Kikombe hicho alikipata mwaka wa nne. Katika msimu wake wa kwanza alishinda mchezo mmoja tu. Mmoja! Hakuna aliyekumbuka, kwa sababu waliokuwepo walikwisha kuhitimu wakaondoka na kumbukumbu zao. Chuoni kizazi cha mashabiki hudumu miaka mitatu au minne. Sisi tulimkuta kocha akiwa tayari bingwa, tukadhani alizaliwa hivyo.

Niliona pia mengine. Wachezaji watatu kati ya watano wanaoanza walihitimu mwaka jana pamoja na kuondoka kwa kocha huyo. Saa za mazoezi za wasichana, ambazo miaka miwili iliyopita zilikuwa saa kumi jioni, sasa zimesogezwa hadi saa kumi na mbili, baada ya wavulana kumaliza. Hapa kwetu saa kumi na mbili jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, na taa ya uwanjani imekufa tangu mwaka jana. Kocha mpya amekuwa akifundisha mitupo gizani. Haya yote niliyaona kwa macho yangu kila wiki, lakini sikuyaandika katika barua, kwa kuwa nilikuwa nikitafuta mtu wa kulaumu, na taa si mtu.

Jumatatu nilikwenda kwa kiongozi wa mashabiki kumwomba tuiondoe barua. Akaniambia imekwisha kufika ofisini. Ikabidi niende kwa kocha mwenyewe. Nilimkuta akihesabu mipira. Nikamwambia, “Kocha, ile barua ni mimi niliyeiandika.”

Akasema bila kuinua kichwa, “Nilijua, mdogo wangu. Mwandiko wako nauona kila wiki kwenye kitabu cha pointi.” Kisha akauliza, “Hivyo vitabu vya zamani unavyo?” Nilikuwa navyo kwenye mfuko. Akavichukua, akafungua kurasa za mitupo huru, akaanza kuhesabu kwa kidole. Hakunisamehe wala hakunigombeza. Aliniuliza tu kama naweza kumtolea hesabu ya mitupo huru ya kila mchezaji mwaka huu. Nilipoitoa, tuliona kwamba mchezo wa pili, ule uliotuudhi kuliko yote, tulifungwa kwa pointi tano huku tukiwa tumekosa mitupo huru kumi na moja. Mitupo huru haihitaji miujiza. Inahitaji mwanga na saa za kutosha.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba matarajio ya msimu wa kwanza hutengenezwa na historia ya kiti zaidi ya uwezo wa anayekikalia. Summitt alikuta kiti kitupu, Warlick akakuta kiti chenye mataji manane. Rwanda ilishangilia nafasi ya nne katika uwanja uleule ambamo Nigeria isingeridhika na ya pili. Na Wakama, ambaye leo anatajwa kama mfano wa mafanikio ya haraka, alipita Antwerp akiwa na pengo la pointi 54.

Kutokana na hayo napendekeza mashabiki wajiulize mambo matatu kabla ya kumhukumu kocha mpya. Kwanza, aliyemtangulia alianzaje? Si alimalizaje, bali alianzaje. Pili, ofisi imempa nini: wachezaji gani, saa ngapi, mipira mingapi? Tatu, pengo linapungua au linaongezeka? Majibu yakiwa mabaya kwa kocha, aambiwe. Siondoi haki hiyo. Lakini majibu yakiwa mabaya kwa ofisi, basi barua iandikwe kwa ofisi kuhusu ofisi.

Barua kama hiyo nimeiandika. Inaomba taa irekebishwe na wasichana warudishiwe saa kumi jioni angalau siku mbili kwa wiki. Safari hii waliotia sahihi ni kumi na tisa. Wengine kumi na watatu wamekataa, na wawili kati yao wamesema nimenunuliwa. Taa bado haijawaka. Mchezo wa nne tulifungwa pia, kwa pointi mbili. Niliandika matokeo, nikafunga kitabu, na kwa mara ya kwanza nikapiga mstari chini ya hesabu ya mitupo huru: tulikosa minne.